Shangazi Ester na Shufaa ya Baba

Kabichi iliyosombwa na maji ina harufu yake, tamu kidogo na chachu kidogo, na kwangu hiyo ndiyo harufu ya kiangazi kile Baba aliposhitakiwa. Kijijini kwetu Malindi, juu kule Lushoto, maji ya mfereji yaligawanywa kwa zamu: leo shamba lako, kesho la jirani, na zamu ya mtu haikuguswa. Miche ya Baba ilikuwa inakauka kitaluni. Alfajiri moja uvumilivu ukamwishia, akafungua mfereji siku isiyo yake, na ukingo wote ukaporomoka. Maji yakateremka hadi kwa Mzee Hoza, jirani yetu wa bondeni, yakabeba kabichi zake zote zikiwa zimebakiza wiki mbili zivunwe. Maji yakimwagika hayazoleki. Baba alikwenda mwenyewe kumweleza, kisha akashinda siku nne akimjengea upya matuta yake. Mzee Hoza alimshukuru kwa matuta, halafu akaenda kumshitaki. Simlaumu hata leo. Kabichi ndizo zilizokuwa karo ya wajukuu wake.

Nilikuwa na miaka kumi, mtoto wa kwanza, na Mama alikuwa na mimba ya miezi minane. Hakuweza kupanda vilima kwenda mahakamani, kwa hiyo nilitumwa mimi pamoja na Shangazi Ester, dada mkubwa wa Baba, nikiwa nimebeba mfuko wenye sweta la Baba na kipande cha sabuni. Hakuna aliyeniambia vya nini, lakini sikuwa mjinga. Mtu haendi na sabuni mahakamani kama anategemea kurudi nyumbani jioni. Njia nzima nilimwomba Mungu mvua inyeshe, barabara ikatike, hakimu asifike. Mungu hakunisikia, na nilimkasirikia waziwazi, mimi mtoto wa mzee wa kanisa.

Chumba cha Mahakama ya Mwanzo kilinuka mafuta ya taa waliyopigia sakafu na makoti yaliyolowa ukungu. Hakimu alikuwa kijana mgeni, mtu wa Kanda ya Ziwa, aliyevaa skafu kama mgonjwa kwa ajili ya baridi yetu. Baba aliposomewa shitaka alijibu, "Ni kweli, Mheshimiwa." Hakimu akaandika, kisha akauliza, "Una lolote la kusema kabla sijatoa adhabu?" Baba akainamisha kichwa, kimya. Hakimu akarudia swali. Kimya. "Naona mshitakiwa hajutii kosa lake," alisema hakimu, na kalamu ikaanza kutembea juu ya karatasi. Nilikumbatia ule mfuko hadi sabuni ikanichoma mbavu.

Sasa, katika ukoo wetu, mkosaji hajiombei. Akishakiri hunyamaza, na ndugu yake mkubwa ndiye humsemea. Anayejisemea mwenyewe huhesabiwa kuwa bado ana kiburi. Baba alikuwa anajuta kwa namna pekee aliyofundishwa, na namna hiyo ndiyo ilikuwa inampeleka gerezani. Shangazi alisimama, karani akamwamuru akae. Akakaa, akasimama tena. Hapo ndipo mlalamikaji mwenyewe, Mzee Hoza, alipoinua mkono. "Mheshimiwa," alisema, "mimi nataka haki yangu, lakini huyu hawezi kukujibu. Kwetu husemewa. Dada yake ndiye yule anayesimama na kukaa."

Hakimu aliweka kalamu mezani. Ninaikumbuka sauti yake ilipogusa mbao. Akamwita Shangazi mbele, naye kwa woga akamwamkia, "Shikamoo, Mheshimiwa," watu wakacheka, kwa kuwa angeweza kumzaa. "Hapana, mama, shikamoo ni yangu kwako," akasema hakimu. Shangazi hakupamba neno. "Mdogo wangu amekosa. Amevunja zamu, na zamu ni ya wote. Sikuombi useme hakukosa. Mkewe anajifungua mwezi ujao, na miche iliyopona inataka kupandwa wiki hii. Ukimfunga, adhabu ataibeba mkewe, na Mzee Hoza hatapata hata kabichi moja. Mwache nje apande mashamba mawili." Kisha akakaa, akajifuta uso kwa kanga.

Hakimu alitueleza taratibu kwamba maneno yale yana jina sheriani: shufaa. Haifuti kosa wala si msamaha, akasema; ni kumwonyesha hakimu mtu mzima aliye nyuma ya kosa, ili adhabu imwenee. Akampa Baba kifungo cha nje cha miezi sita, na kumwamuru amlipe Mzee Hoza fidia ya kabichi zitakazotoka katika miche yake. Nilirudi na mfuko wangu, sabuni haijaguswa. Mama aliuona toka mlangoni, akakaa chini palepale akalia.

Leo mimi ni hakimu, mbali na milima ile, na mezani kwangu hufika watu wa makabila yote. Wengi hudhani shufaa ni kulia, au kumtaja mgonjwa asiyekuwepo. Wengine hunyamaza, na mafaili mengi niliyoyarithi yana sentensi ileile: mshitakiwa hakuwa na la kusema. Sasa tuna mifumo ya kompyuta, kesi zinakwenda haraka, na kasi ni jambo jema. Lakini sikubali kimya kiandikwe haraka. Huuliza mara ya pili, kwa maneno mepesi, kisha huuliza kama yupo wa kumsemea. Likizo iliyopita nilimweleza Baba hayo, tukiwa tumekaa kando ya mfereji uleule. "Na asiye na dada?" akauliza.

"Huyo, Baba," nilimjibu, "naweka kalamu mezani na kumngoja."