Video Alizozificha Bu Murtini

Watu wa kichochoro chetu hapa Klaten wanadhani mbeya mkubwa ni Bu Ngatmi. Hawaijui runinga ya Bu Murtini.

Murtini ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mtengeneza tempe, ile mikate ya soya, mwanamke asiyejua kutulia. Hata chai huinywa amesimama. Mwezi mmoja na nusu kabla ya harusi ya Endah, bintiye wa pekee, alikuwa anaoga akapapasa uvimbe kwenye titi la kushoto. Hakumwambia mtu. Endah anafanya kazi Surabaya, na mama anamjua mwanawe: akisikia Ibu mgonjwa, ataahirisha harusi siku hiyo hiyo. Na wazee walikwisha hesabu siku za kuzaliwa za Endah na mchumba wake, wakapata tarehe moja tu njema kwa mwaka mzima. Basi Murtini akajifungia msalani na simu, akatazama video za madaktari.

Kesho yake Endah akapiga. "Ibu, nani anaumwa huko? Simu yangu inaniletea uvimbe, uvimbe, uvimbe!"

Kumbe Endah ndiye aliyewafungulia akaunti ya video, moja kwa nyumba nzima. Anachotazama mama msalani kinajianika sebuleni kwenye runinga, na Surabaya kwa binti. Murtini hakulijua hilo.

"Ni Bu Ngatmi, aliazima simu," akajibu upesi. "Si unamjua? Akikohoa tu anaandika wasia."

Kisha akaja kwangu mbio, akaniambia yote. Nilimgombeza, sifichi.

"Nenda hospitali!"

"Baada ya harusi, Mbakyu."

"Huo uvimbe umepewa kadi ya mwaliko?"

"Usinipigie kelele, wewe ni kama dada yangu mkubwa. Nitafutie pa kutazama pasiponitangaza."

Tukaanza kuhangaika. Tulijaribu kwanza lile dirisha la siri la simu. Sijui tulikosea wapi, maana kesho yake tangazo la dawa za matiti likatokea katikati ya video ya mapishi ya kambare. Tukajaribu tovuti nyingine, ikatumwagia kamari na wasichana nusu uchi, Murtini akaitupa simu kwenye pipa la soya. Hakula siku mbili. Alikuwa akifagia ua uliokwisha fagiwa.

Mwisho tukaenda kwa Haryo, fundi simu wa sokoni, nikasema ni shida yangu mimi. Aliniangalia kwa huruma ambayo sijamsamehe mpaka leo. Akafuta kumbukumbu zote za akaunti, kisha akatufungulia tovuti ya watu wa kujitolea wa Yogya: haidai jina wala namba, haina matangazo, haiandiki popote ulichotazama.

"Nani anawalipa?" Murtini akauliza.

"Hakuna, Bu. Huyu analeta mashine, yule analeta muda."

"Kama sisi jikoni kwa mwenye harusi," nikasema.

Tovuti ilikuwa inakwamakwama, na daktari wa matiti alikuwa mmoja tu, mama wa Semarang anayesema Kijawa cha nyumbani. Murtini alimtazama mara kumi na moja. Ule mtandao mkubwa, video moja ikiisha unakuletea nyingine, unalewa. Hii ikiisha inanyamaza, na neno la mwisho la yule mama lilikuwa lile lile: "Usingoje." Murtini akazidi kutembea. Niliumia kumwona.

Wiki ya harusi, Endah akiwa bado Surabaya, tukajaa kwake, wanawake wote wa kichochoro, kumenya vitunguu na kukuna nazi. Mumewe, Pak Karyono, mtu wa maneno matatu kwa siku, alikuwa analeta majani ya migomba. Bu Ngatmi akawasha runinga atafute nyimbo. Akasoma kwa sauti: "Mke ana uvimbe kwenye titi: mume afanye nini?" Na chini yake nyingine. Na nyingine.

"Jamani! Nani anatazama haya?"

Murtini akanigeukia, nikatikisa kichwa. Sio yeye. Sio mimi. Majani yakamdondoka Pak Karyono.

Nikaizima runinga, nikamwambia Ngatmi nazi yake imejaa vifuu. Murtini akamvuta mumewe nyuma ya jiko, hatua mbili kutoka nilipoketi, nami masikio ninayo.

"Tangu lini, Pak?"

"Mwezi mzima hulalii kushoto."

"Mbona hukusema?"

"Wewe ulisema?" Akajifuta mikono kwenye saruni. "Nimechukua namba ya kumwona daktari hospitali. Jumatatu. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia, nikaona nimwulize huyo wa kwenye simu."

"Ungemwuliza mwingine! Huyo hana siri! Lete simu." Murtini alikuwa analia na kumgombeza kwa pamoja, akimfungulia tovuti ya Yogya. "Ukitaka kutazama, tazama huku. Huko kwingine Endah anaona kila..."

Wakatazamana.

Ikaita simu yake mwenyewe. Jina la Endah. Ikaita, ikaita. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Murtini akakaa chini, juu ya gunia la mchele, akapokea.

Nilimsikia binti waziwazi: "Ibu, leo usinitajie Bu Ngatmi."