Mstari wa Nyamoita

Ukitaka kuona mikono inayojua kazi, mtazame mchumaji wa majani chai. Macho yake yako kwa jirani, mdomo uko kwenye stori, lakini vidole vinakata majani mawili na kichipukizi bila kutumwa. Nyamoita, anayeishi mwendo mfupi kutoka soko la Kapsoit, alikuwa na mikono ya namna hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Halafu asubuhi moja mkono wa kulia ukalenga kichipukizi, ukakipita, ukashika hewa.

Alicheka. Akajaribu tena, ukapita tena.

Baada ya mkono ikaja miguu. Akawa anatembea ameitanua kama mtu aliyesimama ndani ya lori linaloenda mbio. Kikombe kilipotea njia kabla ya kufika mdomoni. Sauti yake, ile iliyoongoza kwaya kanisani, ikaanza kuburuta maneno. Unajua watu walisema nini. Walisema mama wa kwaya amepatana na pombe ya busaa. Nyamoita huyu, ambaye hata uji ukichacha kidogo anaukataa.

Daktari mjini Kericho alimwambia aguse pua kwa kidole, kisha aguse kalamu, kisha arudi puani. Kidole kikazunguka kama nzi. Daktari akamweleza polepole: misuli yako ina nguvu, lakini sehemu ya nyuma ya ubongo, ile inayopatanisha viungo, imeugua. Dawa ya kuirudisha ilivyokuwa hakuwa nayo, ila mazoezi yangesaidia. Ugonjwa wenyewe unaitwa ataksia.

Jumanne ni siku ya kikundi, wanawake saba wanaochumiana majani shamba kwa shamba. Nyamoita akawaambia wote, wasikie kutoka kwake.

"Ati una taksi?" akauliza Mama Weldon, mwenyekiti. "Na juzi nilikuona ukienda soko na miguu?"

Wakacheka mpaka vikapu vikaruka migongoni. Nyamoita alicheka kuwashinda. "Taksi yenyewe haina dereva," akasema.

Waceke ndiye hakucheka sana. Wiki iliyopita majani ya shamba lake yalirudishwa. Karani wa kituo cha kupokelea majani alikuta humo majani magumu, na mengine yamekuwa mekundu kwa kufinywa, na kila mtu alijua yametoka mkono gani.

"Mama Clifford," akasema, akimwita Nyamoita kwa jina la mwanawe wa kwanza, "usikasirike. Kuanzia leo utakuwa unatupikia chai tu. Shamba yako tutachuma, hata usipotuchumia."

Lilikuwa neno la huruma, na ndiyo maana lilimchoma. Katika kikundi kile mkono hulipwa kwa mkono. Anayechumiwa bila kuchuma ni mgeni, au ni mgonjwa wa kitandani. Yeye hakuwa mmoja wao.

"Nipeni wiki mbili," akasema. "Nitachuma kikapu yangu peke yangu, mumpelekee karani. Akirudisha, nitashika sufuria bila maneno."

Wiki mbili hizo alizimalizia kwenye miche yake ya chai. Siku tatu za kwanza zilikuwa aibu tupu.

Sasa, kila mchumaji ana ufito wake, mrefu na mwepesi, ambao huulaza juu ya miche ili aone kimo. Kilichochungulia juu ya ufito huchumwa, kilicho chini huachwa kikue. Siku ya nne Nyamoita alipepesuka, akauegemea ufito kwa kifundo cha mkono asianguke. Akaona ajabu. Mkono ukiwa hewani ulicheza, ukiegemea ufito ulitulia. Sio kabisa, lakini kama mtoto aliyeshikwa mkono sokoni. Hiyo ilitosha. Egemea, subiri, kata, tupa kikapuni kabla vidole havijafinya. Egemea, subiri.

Siku ya mtihani walikuwa shambani kwa Waceke. Wenzake walijaza vikapu viwiliviwili kabla chake hakijafika nusu. Mvua ilikuwa imenyesha, na kwenye mteremko alianguka mara mbili. Mama Weldon akakimbia kumwinua.

"Wacha," akasema Nyamoita, ulimi ukiburuta. "Shika kikapu. Mimi kuamka najua."

Kituoni karani, Phelix, alimwaga kila kikapu mezani, akageuzageuza. Cha Nyamoita alikigeuza mara tatu.

"Hii ni ya nani?"

Waceke akatazama gambuti zake miguuni.

"Yangu," akasema Nyamoita.

"Mama, umeichagua ukiwa nyumbani?"

"Nimeichagua kwa mche."

Phelix akaipitisha. Kisha akamwaga cha Waceke, akatoa jani gumu, la pili, la tano. "Na wewe, mama, kaa hapo chini uchague."

Waceke akachutama, akaanza kutoa majani magumu moja moja. "Huyu karani ako na mapendeleo," akanung'unika, halafu akashindwa kujizuia, akacheka.

Jumanne iliyofuata ilikuwa zamu ya shamba la Mama Weldon. Mwenyekiti akagawa mistari. "Waceke hapa. Nyamoita, hii ya kando ya njia, haina mteremko." Mambo ya kupika hayakutajwa.

Huko kuna desturi moja. Anayemaliza mstari wake huingia mwisho wa mstari wa aliyechelewa, akachuma kumwelekea, mpaka wakutane. Hufanyiwa mchumaji mwenzao, mgeni hafanyiwi. Kwa hiyo Nyamoita alipoinua kichwa akamwona Waceke akija kutoka ule upande mwingine, mikono ikikimbia, hakusema asante. Aliendelea kukata.

Wakakutana. Kati yao kikabaki kichipukizi kimoja.

"Nikate?" akauliza Waceke.

"Hiyo ni yangu."

Nyamoita akalaza kifundo juu ya ufito, akasubiri mkono utulie. Ukachukua muda wake.

"Leo tutalala hapa," akasema Waceke. Lakini mikono yake aliiweka nyuma.