Kunazi za Kyoto

Harufu ya mavi. Samahanini kama mnasoma huku mnakula, lakini sina neno jingine la kuianzia habari hii, na hata ningelipata ningekuwa nawadanganya. Kila mwaka majani yakigeuka rangi, barabara ninayoishi hapa Takoma Park, Marekani, hunuka mavi, mavi yaliyochanganyika na siagi iliyochacha na matapishi ya mtoto mchanga. Na watu wazima wenye akili zao wanapita na vikombe vya kahawa mkononi wakisema, loo, msimu umependeza mwaka huu. Umependeza nini? Miti yenyewe inaitwa ginko. Majani yake yana umbo la pepeo la ukindu, lile la kupepea jiko la mkaa, na baridi ikianza yanakuwa manjano hasa, sikatai. Lakini mti jike unaangusha matunda, na matunda yale yakikanyagwa, ptuu! Navua viatu nje, nasugua soli kwa brashi na sabuni ya unga, na bado harufu inanifuata mpaka jikoni.

Mimi ni mtu wa kinyaa tangu nizaliwe. Unywele mmoja kwenye sabuni ya kuogea unatosha kuniharibia siku. Ila kinyaa cha harufu hii hakiko puani peke yake. Mara ya kwanza kukutana nayo nilikuwa na miaka tisa, katika mji wa Kyoto, Japani, na niliifunga kwa mikono yangu mwenyewe ndani ya kanga ya bibi yangu.

Wakati huo tulikaa Gaithersburg, mimi, Mama na Bibi, katika nyumba moja ya zile zilizobanana ukuta kwa ukuta. Bibi ndiye aliyemzaa Mama. Aliletwa kutoka Tanga baada ya Babu kufariki, akapewa kitanda cha pili chumbani kwangu. Mimi nilikuwa nasikia kila anachosema, lakini namjibu kwa Kiingereza, naye Kiingereza chake chote kilikuwa tenkyu na no poki, ya kukataa nguruwe. Tulielewana vizuri tu. Alinisuka, alinipikia vitumbua, akanihadithia jinsi walivyokuwa wakiokota kunazi utotoni, matunda madogo ya manjano yanayodondoka chini ya miti yake, na jinsi alivyokuwa anayafunga kwenye pindo la kanga mpaka kanga inaning'inia upande.

Mama alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, zamu mbili kwa siku akizipata. Akirudi anavulia sare yake gereji, hataki hata iguse kapeti. Siku moja nilikuwa nimekaa ngazini nikamsikia akizungumza na kaka yake kwenye simu. "Kaka, mie kutwa nawageuza na kuwasafisha wazee wa watu," alisema. "Mama simchoki. Lakini siku akianza kujinyea, basi tena. Sitaweza, na usije ukanilaumu."

Kaka yake huyo ni Mjomba Idi, aliyekwenda Japani kusomea uhandisi akanogewa. Ndiye aliyetutumia tiketi. Mimi na Bibi tuliambiwa tunakwenda kutembea. Kumbe wawili wale walitaka kukaa uso kwa uso waamue Bibi aishi wapi uzee wake: abaki kwetu Gaithersburg, au arudishwe Tanga akakae kwa binamu mmoja ambaye Bibi mwenyewe alikuwa hamwiti kwa jina, anamwita yule bahili.

Watu wakisikia nimefika Kyoto huniuliza habari za mahekalu. Yapo, mazuri, ya mbao nyeusi, na miti ya majani mekundu nyuma yake utadhani mlima unaungua. Mimi ninachokumbuka ni maharage. Tulifikia nyumba ya wageni ya kienyeji, na asubuhi ya kwanza tukaletewa kibakuli cha maharage yaliyovunda makusudi, yana utelezi kama kamasi, ukiinua kijiti yanavuta nyuzi. Mjomba Idi akayala huku amefumba macho kwa raha. Nilikimbilia chooni. Bibi alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Huyu nani kamroga?" Lakini chumba alikipenda, kwa sababu sakafu yote ilitandikwa mikeka, na ile harufu ya nyasi kavu ilimkumbusha kwao. Alilala chali juu ya mkeka akasema hawa ni watu wa maana.

Siku ya tatu tulikwenda kwenye hekalu moja lenye ua mkubwa. Mama na Mjomba wakaingia kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya ua, wakatuacha mimi na Bibi kwenye benchi juani. Mama alininyooshea kidole. "Usiguse kitu. Umenisikia? Usiguse kitu chochote cha watu." Bibi alikuwa amevaa gauni, sweta, koti, na juu ya gauni kanga yake ameifunga kiunoni. Jua likampata vizuri, akasinzia.

Juu yetu palikuwa na mti mkubwa wa manjano, na chini yake zimetapakaa kunazi. Mimi nilijua ni kunazi. Ndogo, za manjano, zimeiva, zimelegea. Nilikuwa na mafua niliyoyapata safarini, pua imeziba kabisa, sikusikia harufu yoyote. Mzee mmoja alikuwa akiziokota kwa koleo, amevaa glavu za mpira, na aliponiona nimeinama akanipungia mkono kwa nguvu: hapana, hapana. Nikamwona mchoyo. Nikasubiri ageuke, nikaokota kama ishirini hivi kwa vidole vyangu vitupu, nikapita nyuma ya benchi, nikazifunga kwenye pindo la kanga ya Bibi lililoning'inia. Nilitaka tukifika aikute zawadi yake mwenyewe, acheke. Fundo nililofunga ni la kamba za viatu, lile la masikio mawili tulilofundishwa shuleni, maana lingine sikulijua.

Tukapanda basi kurudi. Bibi akapata kiti, akakaa. Akazikalia zote.

Ndugu zangu, harufu ile ilipofumuka hata mafua yangu yalisalimu amri. Mwanamke wa mbele yetu akaziba pua kwa leso. Mwanafunzi mmoja akafungua dirisha, akatazama nje kwa adabu. Nikamwona Mama ananusa, mara moja, mara mbili, kama mtu wa kazi hiyo. Tuliposhuka, kwenye kanga ya Bibi, pale nyuma pale, palikuwa na doa bichi, rangi ya kahawia iliyoelekea manjano. Mjomba alikuwa ameshateremka kituo cha nyuma kwenda kazini. Mama akavua koti lake akamfunga Bibi kiunoni. Uso wake sijausahau. Ulikuwa na huruma juujuu, na chini ya huruma kinyaa, kinyaa kitupu, na nilipouona nikaomba Mungu usinigeukie mimi.

Kule chumbani Bibi alijifungia bafuni. "Niacheni nijisitiri," alisema. Maji yakamwagika muda mrefu. Alipotoka amejifunga taulo, kanga mbichi mkononi, alikuwa amekasirika lakini anakaribia kucheka.

"Si hilo unalodhani," akamwambia Mama. "Nimekalia kunazi."

"Kunazi?"

"Kunazi, zilikuwa kwenye pindo. Zimeoza, yallah, zinanuka kama shimo la choo. Nimezitupa dirishani."

Mama akakaa chini kwenye mkeka. Alipozungumza ilikuwa ile sauti laini aliyokuwa akiwasemesha wazee wa kazini, na iliniumiza kuisikia akiisema kwa Bibi. "Mama. Hapa ni Japani. Kunazi zitoke wapi?" Kisha akanigeukia. "Wewe ulikuwa naye. Uliziona kunazi?"

Bibi hakusema nani alizifunga. Alinitazama tu. Amelifungua fundo lile kwa mikono yake, na hakuna mtu wa Tanga anayefunga pindo lenye masikio mawili. Alijua. Alikuwa ananisubiri, na wala hakuwa na ukali.

"No," nikasema.

Miaka mingi nilijitetea kwamba nilikosa Kiswahili cha kueleza. Uongo mtupu. Ni mimi. Maneno mawili, na niliyajua tangu sijaota meno ya mbele.

Bibi akaitazama kanga yake. "Basi," akasema. "Labda nimeota."

Baadaye kidogo mama mwenye nyumba akaja kututandikia magodoro. Akanusa, akacheka kwa kuziba mdomo, akaenda dirishani akanyoosha mkono kwenye miti ya manjano ya barabarani, akaonyesha miti, akaonyesha pua yake, akacheka tena. Mimi nilielewa palepale. Mama hakuelewa, aibu ilikuwa imemziba. Alidhani anaambiwa afungue dirisha, na akainama kuomba radhi, akainama tena na tena, mpaka yule mama naye akaacha kucheka.

Kesho yake asubuhi Mama alikwenda duka la dawa akarudi na pakiti ameificha ndani ya koti. Nepi za watu wazima. Akanipa kazi ya kusimama nje mlangoni, Mjomba asije akaingia. "Ni mwanawe wa kiume," akasema, "hana haja ya kumwona mama yake hivi." Kwa hiyo Mjomba, ambaye angetegua kila kitu kwa neno moja, hakuambiwa habari ya harufu. Aliambiwa tu kwamba akili za Bibi zinamtoka, kwamba anaona kunazi Japani. Akainamisha kichwa, akasema basi, arudi nyumbani kwake Tanga.

Vidole vyangu viliwasha wiki nzima, vikatoka malengelenge, vikamenyeka. Kumbe ndiyo sababu ya zile glavu. Nilivificha kwenye mikono ya sweta, Mama asivione. Ndani ya ndege, Mama amelala, Bibi akauvuta mkono wangu bila kuniuliza, akatoa kichupa chake cha mafuta ya nazi, akavipaka kidole kimoja kimoja. Amekaa juu ya nepi, ananipaka mafuta. Nilitazama dirishani njia nzima.

Kabla theluji haijaanguka Gaithersburg, Mama alimpeleka Tanga. Bibi hakumaliza mwaka wa pili kwa yule bahili.

Sikumwambia mtu. Nilikua, nikasoma, nikaolewa, nikaachika, nikahamia huku Takoma Park bila kujua barabara imepandwa nini. Na mwaka jana magoti ya Mama yalipochoka, nikamleta akae nami. Sasa anakula kwangu, analala kwangu, na kila asubuhi anakwenda kutembea mpaka kona na kurudi.

Wiki iliyopita alirudi, akapita mbio bila kunisalimu, akajifungia bafuni. Nikasikia maji. Nikasogea mlangoni, na harufu ikanipokea.

"Mama?"

"Usiingie!" Sauti yake ilikuwa ya kuogopa. Sijapata kumsikia Mama akiniogopa. "Sikujinyea. Wallahi sikujinyea. Nimejikagua mwenyewe. Sijui inatoka wapi."

"Iko kwenye viatu, Mama. Umekanyaga matunda ya miti ya nje."

Maji yakafungwa. Nikaona nikinyamaza tena leo sitakuja kusema mpaka naingia kaburini. Nikakaa chini sakafuni, nikauambia mlango. Hekalu, mzee wa koleo, pindo, fundo la kamba za viatu. Nikasema, kwa Kiswahili safi, ni mimi niliyezifunga, na nilikuambia sikuziona. Nilitarajia atalia, au atanitukana, na vyote viwili nilivitaka.

Mlango ukafunguliwa. Amesimama na kiatu kimoja mkononi, soli imejaa uchafu.

"Zilikuwa kavu," akasema.

"Nini?"

"Zile nepi. Kule, na kwenye ndege, na Gaithersburg wiki tatu nzima. Nilikuwa nazivua mwenyewe, nazitupa. Kavu zote. Mie, kazi yangu ile, nisijue maana yake?" Akakigeuza kiatu, akakitazama. "Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Nilikuwa natafuta sababu, na wewe ukanipa."

Mtoto wa miaka tisa alidhani amewadanganya watu wazima. Hakujua kwamba katika chumba kile Bibi alikuwa amesema kweli mbele ya watu wawili, na baada ya siku chache wote wawili tulikuwa tunaijua, kila mmoja kwa njia yake, tukamwacha aamini ameota.

Nikanyoosha mkono anipe kiatu nikakisugue. Mama hakunipa. Alikalia ukingo wa beseni la kuogea, akaanza kukikwangua mwenyewe kwa kucha, bila glavu. Nilimwambia vidole vitawasha, vitatoka malengelenge.

"Najua," akasema. "Niliviona vyako."