Swali Aliloniuliza Daktari

Mtoto wangu wa mwisho alizaliwa mvulana, lakini tangu alipokuwa mtu mzima anaishi kama mwanamke. Anasuka nywele sokoni hapa Likasi, na wateja wake humwita dada. Mimi sikuwahi kukubali hilo.

Tumbo lilipomshika, upande wa kulia, nilimpeleka hospitali kwa pikipiki, amejikunja kati yangu na dereva. Kwetu mgonjwa halazwi peke yake. Lazima awe na garde-malade, ndugu wa kumpikia, kumfulia na kumsemea. Siku ile ndugu huyo nilikuwa mimi.

Daktari, kijana mwenye adabu, alinisalimia vizuri. Alipofungua kitenge cha mgonjwa ili ampapase tumbo, aliondoa mkono kana kwamba ameungua. Hakumtazama tena usoni. Akanigeukia mimi.

"Papa, huyu iko mwanaume ao mwanamuke? Nimulalishe pavillon gani, ya banaume ao ya banamuke?"

Wanafunzi wawili wa uuguzi walikuwa wamesogea mlangoni. "Angalia makucha yake, amepaka rangi!" mmoja alinong'ona, wakacheka. Mtoto wangu alikuwa ananitazama mimi tu.

"Ni mwanaume," nilisema. "Kichwa chake ndicho kina shida."

Nilitaka tu daktari asinidharau. Kumbe nilimfungulia mlango wa kutokea. Hakuuliza tena habari za tumbo. Alitupatia vidonge vya maumivu, akanishauri nimtafutie mchungaji wa kumwombea. Mtoto wangu akashuka kitandani, akifunga kitenge chake.

Siku chache baadaye maumivu yalirudi na homa kali. Nilimsihi twende hospitali nyingine.

"Papa, bakikuuliza tena, utajibu nini?"

"Nitasema wewe ni binti yangu."

"Hapa ku nyumba, iko mwepesi kusema."

Alikubali kwenda, ila garde-malade akamchagua mwenzake wa sokoni, mama mnene muuza samaki. Mimi nikaachiwa kubeba sufuria. Nikiwa nje, chini ya dirisha, nilimsikia daktari wa huko akianza, "Mama, huyu muntu iko..."

"Docteur, mudomo iko nayo. Umuulize yeye. Ao tumbo pia iko na pavillon yake?"

Walimpasua jioni ile ile. Usaha ulikuwa umeshaanza kuenea tumboni. Sasa anapona polepole. Kila asubuhi nafikisha uji mlangoni pa wodi yake. Yule mama hutoka kuupokea na kunirudishia sufuria ya jana, imeoshwa vizuri. Ndani bado sijaitwa.