Nilikunywa msesewe wa mama mkwe kwa sababu siamini miti shamba

Wakuu, habari za muda huu. Leo naleta uzi wa kujianika mwenyewe. Sijatia chumvi, na mkitaka kucheka chekeni tu, mke wangu alishacheka hadi akachoka.

Wanaonifahamu humu wanajua mimi ni mbishi wa tiba asili. Mtu akisifia mzizi wowote, nafika fasta: "Ushahidi wa kisayansi uko wapi?" Nilijiona msomi sana.

Nauza maharage sokoni Handeni. Mzigo naufuata Bungu, milimani Korogwe, na ndiko nilikooa. Msimu uliopita nilipanda kufunga mzigo, mvua ikaharibu barabara. Ikabidi nikae kwa mama mkwe zaidi ya wiki.

Sasa mimi Mzigua nimelelewa kumheshimu mkwe mpaka basi. Siketi kwenye kiti chake, simpi mkono, na akinipa kitu napokea kwa mikono miwili nashukuru. Kukataa? Hiyo habari ingefika Handeni kabla yangu.

Binti yake, yaani mke wangu, alishamwambia kwa simu nina presha. Asubuhi nikaletewa kikombe cha maji ya kahawia.

"Baba, kunywa. Gome la msesewe hilo, presha itakaa sawa."

Wachaga mnaujua kwenye mbege, ile pombe yenu ya ndizi, lakini huu ulichemshwa kwa hasira.

Vidonge vya kliniki nilikuwa navyo kwenye begi, na vya siku ile nilishameza. Nikawaza, maji ya gome yatanifanya nini? Hayana ushahidi, ni uchungu tu. Nikanywa, nikasema asante mama.

Hapo ndipo akili yangu ilipoishia. Anayeamini dawa ile angeogopa kuichanganya na vidonge. Mimi nisiyeamini ndiye niliyechanganya, asubuhi na jioni, kwa adabu zote.

Baada ya siku kadhaa pua ikaziba, nikalaumu baridi ya Bungu.

Usingizi mchana kutwa, nikasema mwili unapumzika.

Moyo mzito bila sababu, nikasema nimemkumbuka mke. Kila dalili niliipatia jibu.

Barabara ikapitika. Siku ya kuondoka nikainuka kwenye kigoda nimuage mama. Kuinuka tu, macho yakaingia giza.

Nilipozinduka nilikuwa nimelala mapajani mwa mama mkwe, debe la maharage nililoliangukia limemwagika uani, majirani wametoa macho. Jamani! Mtu nisiyempa hata mkono.

Nikajitahidi kuinuka nimuombe radhi. Nikaanguka tena, palepale.

Ikaitwa bodaboda. Dereva mbele, mimi katikati, mama mkwe nyuma amenifunga kwa kanga nisidondoke, tunateremka kwenda kituo cha afya. Niliogopa kufa, na niliogopa kupona nikaanza kumtazama usoni.

Tabibu akapima. Presha imeshuka vibaya, mapigo ya moyo yanajikongoja. Akauliza, "Umetumia dawa gani?"

Mama amesimama pale pale. Nikasema, "Vidonge vyangu tu, daktari."

Yaani wakuu, nilikuwa radhi kufa kuliko kumwaibisha mkwe.

Akajitokeza mwenyewe. "Ananifichia mie huyu. Kanywa msesewe, nimempa kwa mkono wangu."

Tabibu akashusha pumzi. Akatueleza kuwa mti ule una kemikali zinazoitwa alkaloidi, na baadhi yake zinashusha presha kweli, zinagusa mpaka mapigo ya moyo; hata ile pua kuziba, usingizi na moyo mzito ni kazi yake. Shida ni kwamba kwenye kikombe hakuna anayejua zimo kiasi gani, maana gome la mti mmoja si sawa na la mwingine. Ukijumlisha na vidonge, ndiyo hivyo unabebwa kwa kanga. Nikatundikiwa dripu, nikalazwa.

Nikiwa pale kitandani nikaelewa ujinga wangu. Kumbe "haijathibitishwa" maana yake hatujui dozi salama wala nani asiitumie. Haina maana kwamba ndani hamna kitu. Mimi niliisoma kama ruhusa ya kunywa.

Jioni mama akaketi pembeni ya kitanda. "Baba, kwa nini hukusema unameza vidonge?"

"Niliona vibaya kukukatalia, mama."

Akajifuta macho kwa pindo la kanga. "Ungenikatalia ningenuna mpaka jioni, basi. Ungenifia, ningemwambia nini mwanangu?"

Nililia, wakuu, sioni aibu kusema.

Wewe mwenye presha uliye ukweni, sema unachomeza kabla hujapokea kikombe, na kliniki nako sema ulichokunywa. Watu wa famasia karibuni mnikosoe nilipokosea. Na ninyi wengine, mnamkatalia vipi mama mkwe?