Skrubu za Jeneza la Veronika

Siku yangu ya kwanza karakanani, hapa Bagamoyo, Fundi Mkuu alinikuta nimebana misumari mdomoni, nyundo mkononi, niko tayari kufunga kifuniko cha jeneza. Akanyoosha kiganja.

"Tema."

Nikatema.

"Jeneza la Mkristo tunalifunga kwa skrubu. Msumari unapigiwa kitu kisichotazamiwa kufunguliwa."

Nilicheka kimoyomoyo. Kwa udongo wote ule, nani atakuja na bisibisi? Lakini nilikuwa mgeni, nikatii. Akanifundisha kutoboa kwanza kwa keekee ili ubao usipasuke, kisha kuipaka skrubu sabuni iingie bila kelele.

Baadaye nilipelekwa Lugoba. Msimamizi wa karakana ya huko alikuwa mtu wa pupa. "Piga misumari, mzee, watu wanasubiri!" Nikamjibu kwamba jeneza lake mwenyewe nitalipiga misumari kwa mkono wangu. Akaenda mwenyewe kuniletea bisibisi.

Nilirudi Bagamoyo nikiwa Fundi Mkuu mwenyewe. Mwaka jana mke wangu, Veronika, akafariki. Vijana wa karakana wakaninyang'anya randa, maana kwetu fundi haundi jeneza la mtu wake. Hata Athumani, jirani yangu mchonga milango, aliyetoka msikitini kuja kunipa pole, alikuwa upande wao.

"Waachie vijana, ndugu yangu. Utajiumiza."

"Athumani, miaka yote nimewaambia wafiwa kwamba watamwona tena mtu wao. Leo nikimkimbia Veronika, nilikuwa nawadanganya."

Alinitazama, akakunja mikono ya kanzu, akashika upande wa pili wa ubao. Nikaunda huku nalia, wala sikuona haya.

Baada ya heshima za mwisho nilichukua bisibisi. Kwenye skrubu ya mwisho nikaishusha bisibisi. Nilitaka kumwona tena, pale pale, si siku ya ufufuo. Nikaipaka skrubu sabuni, nikaikaza.

Lile ndilo jeneza langu la mwisho, nimestaafu. Mbao za jeneza nitakalozikwa nalo ziko darini, na skrubu zake ndani ya kopo pamoja na kipande cha sabuni. Watoto wanachukia nikizitaja. Nawaambia wazi: mtu asije na nyundo. Siku ya ufufuo Veronika atakuwa ameshatoka, na sitaki akae kunisubiri mimi ning'olewe misumari.