Gari Chini, Rimu Kubwa, Wazee Watatu

Kutoka Lodwar hadi Nairobi nilitumia siku tatu juu ya lori la samaki wakavu, na sehemu kubwa ya siku hizo niliipitisha chini ya lori lenyewe. Tairi la kwanza lilipasuka kabla ya Kainuk, la pili tukipanda kuelekea Kapenguria, la tatu Burnt Forest, kwenye mvua. Dereva alikuwa amenibeba bure kwa kuwa mimi ni fundi wa matairi, na alihakikisha sikai bure.

Nilikuwa na miaka arobaini na miwili, sanduku la spana, na tabia ya kuhama mji mara tu ninapoanza kujua majina ya watoto wa majirani. Busia niliondoka hivyo, Mwanza hivyo, Lodwar hivyo. Nairobi niliichagua kwa sababu ambayo naona haya kuisema. Nikiwa darasa la sita shule yetu ya Kakamega ilituleta kuona maonyesho ya kilimo pale Jamhuri, na kwa miaka thelathini sikuwa nimeacha kukumbuka fahali mweupe niliyemwona siku ile, aliyeoshwa kwa sabuni kuliko sisi. Basi nilishuka Ngong Road nikatembea hadi uwanjani. Lango lilikuwa limefungwa. Askari aliniuliza namtafuta nani, nikamuaga nikaenda zangu. Mbele kidogo palikuwa na gereji ya wazi, magari yamepangwa chini ya miti. Niliomba kazi nikapewa.

Chumba nilipata Mutuini, kwenye ploti ya mzee mmoja ambaye baba yake alikuwa akilima viazi papo hapo. Viazi vilikuwa vimebaki kipande kidogo nyuma ya vyoo. Kwingine kote ni vyumba vya mabati na vya mawe. Huyu mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na gari, na gari hilo ndilo lililonimaliza.

Lilikuwa saluni kubwa nyeusi ya Kijerumani, viti vya ngozi, limenunuliwa kwa mtu aliyekuwa amelifunga springi fupi hadi tumbo likakaribia lami. Mwenye nyumba aliamini lilitoka kiwandani hivyo. Alilinunua kwa sababu ya aibu. Mwanawe alikuwa anaoa msichana wa upande wa Limuru, na walipoenda kwa wakwe mara ya kwanza, kwa van ya kukodi, mlango ulikataa kufunguka. Wazee watatu wa ukoo, na kofia zao na bakora zao, walitolewa kupitia dirisha la nyuma mbele ya wanawake wa boma lile. Hadithi ilifika Mutuini kabla ya wenyewe kurudi.

"Ruracio inakuja," aliniambia, maana yake siku yenyewe ya kupeleka mahari. "Safari hii wazee wangu watashuka kama watu."

Kisha akafungua buti la gari akanionyesha rimu nne alizonunua Kirinyaga Road, kwenye maduka ya vipuri. Inchi ishirini. Gari lilikuwa limevaa kumi na saba.

Nilimweleza polepole, kama ninavyokueleza wewe. Gurudumu linapanda na kushuka ndani ya madigadi, lile bati linalolifunika. Gari likiwa chini, nafasi ya kupanda imepungua. Rimu ikiwa kubwa na pana, imepungua tena. Ukijaza watu nyuma, imekwisha, tairi linasaga bati na bati linakata tairi.

"Mzee, unataka gari iwe chini, rimu ziwe kubwa, na wazee watatu nyuma. Chagua mbili."

"Nikichagua mimi," akasema, "sasa wewe fundi kazi yako ni gani?"

Nikafungua sanduku la spana.

Nilianza. Nilipaka chaki ya buluu upande wa ndani wa mdomo wa madigadi, nikaendesha, nikashuka nikaangalia. Mahali tairi linapogusa, chaki huhamia kwenye raba. Chaki ilihamia karibu yote. Nilikunja ule mdomo kwa ndani, nikipasha bati moto kidogo kidogo ili rangi isipasuke, kazi ya siku nzima kwa madigadi mawili, huku mwenye nyumba amesimama nyuma yangu akisema, "Pole pole, hiyo ni rangi ya kampuni." Nilibadilisha matairi nikafunga membamba. Gari likiwa tupu, likaacha kugusa. Mwenye gereji akaja, akaingiza vidole viwili kati ya tairi na bati, vikapita.

"Vidole viwili vinatosha," akasema. Hicho ndicho kilikuwa kipimo cha gereji nzima.

"Vinatosha kama hakuna mtu ndani," nikasema.

"Wewe umezoea malori."

Ilikuwa kweli. Lori hupimwa likiwa na mzigo, kwa sababu kazi ya lori ni mzigo. Hapa watu walipima gari kama linavyokaa kwenye picha.

Nilimshawishi mwenye nyumba twende mjini tubadilishe zile rimu kwa nyingine ambazo hazitokezi nje sana. Tulifika Kirinyaga Road saa nne asubuhi. Muuzaji alikuwa ameketi juu ya rundo la matairi, anakula mandazi.

"Mkubwa, hizi rimu zimetoka Japani," akamwambia mwenye nyumba bila kunitazama. "Hazijui hata kugusa. Mwenye anagusa ni fundi."

"Umesikia?" mwenye nyumba akaniuliza. Tulirudi na rimu zilezile, na alinirudia na swali hilo hadi Dagoretti.

Jumatano nilikusanya wapangaji wanne. Nilimweka mwenye nyumba mbele, mama wa chumba cha nne anayeuza mboga nikamweka nyuma, na bawabu wa shule, na mke wa bawabu. Mpangaji wa nne, kijana wa kupaka rangi, alitoshana nao kwa shida. Nikaendesha kuelekea Waithaka. Kwenye tuta la kwanza tukasikia sauti kama mtu anachana turubai.

"Fundi," akasema yule mama, "hii gari inalia ama ni mimi nimenona?"

"Ni wewe," bawabu akasema.

"Uliza bibi yako nani amenona, sisi tulipandia mlango moja."

Tuta la pili likatoa moshi. Nilisimama, nikamwonyesha mwenye nyumba mstari kwenye tairi, umekatwa safi kama kwa wembe. Aliuinamia akaupapasa kwa kidole.

"Hawa wamekula," akasema. "Wazee wangu ni wembamba."

Ijumaa aliniachia gari gerejini akaenda kutafuta mbuzi. Nilikaa nikalitazama. Niliona akilini wazee wale wakitolewa dirishani mara ya pili. Basi nikafanya jambo ambalo hakuniruhusu: nikakata raba nene, nikaziingiza kwenye springi za nyuma, gari likapanda kidogo. Nikapakia mifuko sita ya saruji ya jirani. Halikugusa kitu. Nikalirudisha Mutuini, nikalala vizuri.

Jumamosi asubuhi mwenye nyumba alitoka na suti ya kijivu, akalizunguka gari, akasimama nyuma yake.

"Imekuwa kama ng'ombe anaamka," akasema. Ng'ombe huinua nyuma kwanza. Sikuweza kubisha. "Toa hiyo kitu."

"Mzee, itagusa."

"Toa. Siendi kwa wakwe matako ya gari ikiwa juu."

Wazee watatu walikuwa wameshafika, wameketi kwenye viti vya plastiki wakinywa chai. Nilivua ovaroli safi niliyokuwa nimevaa, nikavaa ya kazi, nikapiga jeki, nikatoa raba. Nilikuwa nimechoka kubishana, na hilo ndilo jambo ninalojilaumu nalo mpaka leo.

Tulianza msafara. Akina mama walikuwa wametangulia na van. Sisi tukafuata: mwenye nyumba kwenye usukani, mimi kando yake ili "nisikilize," wazee nyuma, na baada yetu pikapu ya mbuzi wawili na makreti ya soda. Tulifika Dagoretti tukiwa tumesaga matuta matano. Gari lilinuka raba iliyoungua. Mzee mkubwa kuliko wote alimgusa mwenye nyumba begani na bakora.

"Simamisha. Hii kitu itapasuka na sisi."

Akasimamisha. Wazee wakashuka wenyewe. Wawili wakaingia mbele kwenye pikapu. Wa tatu akapanda nyuma, akaketi kwenye kreti.

Mwenye nyumba alinitazama. "Na wewe shuka. Uko na kilo."

Nikapanda na mbuzi.

"Nilienda kuleta bibi yangu na baiskeli," mzee wa kreti akaniambia. "Nikampakia nyuma, na gunia la mahindi. Haikugusa popote."

"Rimu ilikuwa inchi ngapi?" nikamuuliza.

Alicheka hadi tukapita mji wa Kikuyu.

Mbele yetu gari lilikuwa linateleza bila sauti, chini kabisa, rimu zinametameta. Likiwa na mtu mmoja ndani lilikuwa kamilifu. Nakiri nilijivunia ile kazi.

Lilifika langoni kwanza. Wanawake wa boma walikuwa wanaimba, na wetu wanawajibu, lango likafunguliwa. Mama mmoja akainama dirishani, akaangalia viti vya nyuma, vitupu.

"Wazee wako wapi?"

Mwenye nyumba akaonyesha kwa kidole nyuma. Wanawake wakalipita gari, pande zote mbili, wakiimba, wakaja kwenye pikapu. Walimshika yule mzee wa kreti mikono yote miwili, wakamshusha kutoka juu ya makreti kama yai. Hakuna aliyecheka. Walishangilia. Kisha yule mama wa kwanza akarudi langoni.

"Baba, hebu songesha gari kidogo, pikapu ya wazee ipite."

Akasongesha. Aliegesha nje kando ya ukuta, akaingia kwa miguu peke yake, wazee wakiwa wameshapewa viti.

Mazungumzo yalikwenda vizuri, mbuzi wakapokelewa. Jumatatu jioni mwenye nyumba alibisha mlango wangu. Alikaa kitandani, akapumua.

"Fundi, ungenikataza."

Nilihesabu moyoni mara nilizomkataza, nikaacha.

"Lakini harusi ni Disemba," akaendelea, na uso ukamchangamka. "Bibi harusi atapanda hiyo gari, na wasimamizi wake wawili. Tuko na wakati. Nimeona rimu zingine."

Kesho yake nilifunga sanduku langu. Nilipotoka, alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu la nyuma, tochi mdomoni, anaminya bati kwa mikono. Nilimwambia narudi Busia, na hapa sirudi tena. Alitoa tochi mdomoni.

"Sawa, lakini kwanza shika hapa."

Nikaweka sanduku chini nikamshikia. Alichungulia, akasema ameona inapogusa. Kisha nikaenda.